Mwenyewe Hayupo, Ujumbe Aachiwe Nani?

Uswahilini mgeni hupiga hodi mara tatu. Akiitikiwa, anaingia. Asipoitikiwa, haondoki hivi hivi. Anageukia nyumba ya pili, anamkuta jirani barazani akichambua mchele, anamwambia: "Shoga, mama Salma akirudi naomba umwambie nilipita. Mzigo wake wa Tanga umefika." Jioni mama Salma anarudi, na salamu anazikuta: nani alipita, alipita saa ngapi, na alileta neno gani. Mgeni na mwenyeji hawakuonana, lakini shughuli imekwenda.

Programu nyingi za mwanzo za kuandikiana papo kwa papo kwenye kompyuta hazikuwa na jirani huyo. Ziliwaunganisha watu wawili waliokaa mbele ya mashine zao kwa wakati mmoja, basi. Mmoja akizima, jina lake lilififia kwenye orodha ya marafiki, na mlango ukawa umefungwa. Aliyekuwa na neno la kumwambia alisubiri arudi, au alikwenda kuandika barua pepe.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo kwa nje inaonekana ndogo: kuipa programu huria ya ujumbe uwezo wa kumwandikia mtu asiyepatikana. Kazi hiyo imewashughulisha waandishi wa programu kwa zaidi ya miaka kumi, na katika kila hatua wamerudi kwenye swali la yule mgeni wa barazani. Mwenyewe hayupo, ujumbe aachiwe nani?

Wengi walikutana na jibu la kwanza kwenye simu. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mfumo wake ulijengwa juu ya kituo cha kuhifadhi. Mtu akizima simu, ujumbe hukaa kwenye kituo cha kampuni yake ya simu. Simu ikiwashwa, kituo huuachia. Kiwango cha GSM kinaruhusu ujumbe kuwekewa muda wa kusubiri hadi wiki 63, ingawa kampuni zenyewe huweka muda mfupi zaidi. Ndiyo maana mtu anayetoka kijiji kisicho na mnara, basi likikaribia mjini, simu yake hulia mfululizo mfukoni. Hakuna abiria anayeshangaa.

Kwenye kompyuta hali ilikuwa tofauti. ICQ, iliyotolewa na kampuni ya Mirabilis ya Israel Novemba 1996, iliweza kumhifadhia ujumbe asiyekuwepo. AIM ya kampuni ya AOL, Marekani, kwa miaka mingi haikuweza. MSN Messenger ya Microsoft ilipata huduma hiyo mwaka 2006, ilipobadilishwa jina kuwa Windows Live Messenger. Kila kampuni ilikuwa na seva zake, kanuni zake za mawasiliano (itifaki) zisizotangazwa na uamuzi wake yenyewe.

Hapo ndipo anapoingia njiwa wa zambarau.

Mwaka 1998 Mark Spencer, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, aliandika programu ndogo ya kumwezesha mtumiaji wa Linux kuingia AIM. Iliitwa Gaim. Watu wengine wakajiunga, ikakua, ikajifunza kuzungumza na ICQ, Yahoo, MSN na Jabber ndani ya dirisha moja. Aprili 2007, baada ya mvutano na AOL kuhusu jina, ikaitwa Pidgin, na nembo yake ikawa njiwa wa rangi ya zambarau. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyimbo za mapenzi humtuma njiwa kupeleka salamu, nembo hiyo haihitaji mkalimani.

Lakini njiwa huyu alikuwa na tatizo. Waandishi wa Pidgin hawakumiliki seva hata moja. Hawakuweza kuiambia AOL iwawekee watu ujumbe, wala kubadilisha chochote upande wa pili wa waya. Walichokuwa nacho ni kompyuta ya mtumaji tu. Jirani, kama atapatikana, ilibidi atoke humo humo.

Ndani ya programu tayari kulikuwa na kitu kilichofanana na mtego. Mtumiaji aliweza kuiagiza Pidgin: fulani akiingia, nipigie kengele, au nifungulie dirisha, au mtumie maneno haya. Mtego ulikaa kimya ukiangalia orodha ya marafiki, na jina likiwaka, ukafyatuka. Kutokana na mtego huo ikaandikwa programu-jalizi fupi yenye jina la kweli kabisa: kuigiza ujumbe wa asiyekuwepo. Haikudai kwamba ni huduma kamili. Ilisema wazi kwamba inaigiza.

Inafaa kuitazama kwa karibu, maana ilivyopangwa ni somo. Mtumiaji anapomwandikia mtu aliyetoka, programu-jalizi kwanza inaiuliza itifaki inayotumika: je, rafiki huyu anaweza kuwekewa ujumbe na seva yake? Injini ya Pidgin, iitwayo libpurple, ina nafasi maalumu ya swali hilo kwa kila itifaki. Jibu likiwa ndiyo, programu-jalizi inajiweka kando na kuiacha seva ifanye kazi yake. Jibu likiwa hapana, kisanduku kinafunguka kumwambia mtumaji kwamba mwenzake hayupo, na kumuuliza kama anataka maneno yanayofuata yahifadhiwe, yatumwe mwenyewe akirudi. Anayechoka kuulizwa anaweza kuweka alama kwamba yahifadhiwe siku zote. Na aliyejuta maneno yake anaweza kufungua orodha ya mitego, akayahariri au akayafuta kabla hayajatoka.

Mambo matatu yamefanyika hapo: kuuliza kabla ya kutenda, kumweleza mtumaji ukweli, na kumwachia nafasi ya kubadili nia. Programu nyingi kubwa za leo hazifanyi yote matatu.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na mwisho wake. Chukua mfano wa kafe ya intaneti pale Kariakoo, Dar es Salaam, katikati ya mwaka mmoja wa miaka hiyo. Kijana amelipia nusu saa, anamwandikia dada yake anayesoma Minnesota. Dar ni saa nne asubuhi. Minnesota ni saa nane usiku na dada amelala. Kijana anategesha ujumbe wake. Nusu saa inakwisha, mhudumu anamwita anayefuata, kijana anaondoka zake. Dada anapoamka na kuwasha kompyuta, Dar imefika alasiri na hakuna tena anayemngojea upande huu. Ujumbe uko Kariakoo, ndani ya mashine ambayo mwandishi wake huenda asiikalie tena. Mgeni alijiachia salamu yeye mwenyewe, kisha akaondoka nayo.

Tatizo hilo limewarudia wengine. Mradi wa Tox ulianza mwaka 2013, baada ya Edward Snowden kufichua ukubwa wa udukuzi wa serikali ya Marekani. Nia yake ilikuwa mawasiliano yasiyo na seva: kompyuta yako inazungumza moja kwa moja na ya rafiki yako. Usiri ukaimarika, lakini jirani akakosekana tena. Waandishi wa qTox, mojawapo ya programu zinazotumia itifaki hiyo, wakafanya kama Pidgin ilivyofanya: ujumbe unaandikwa kwenye hifadhidata ya mtumaji kwamba bado haujafika, na rafiki akionekana unatumwa upya. Lakini kama mtumaji yuko zamu ya usiku na rafiki yake ya mchana, na kila mmoja anazima kompyuta akimaliza, wanaweza kupishana wiki nzima.

Basi njia ya pili ni kumwachia mwenye seva. MSN ilipofungua huduma yake mwaka 2006, watumiaji wa programu rasmi waliipata mara moja. Watumiaji wa njiwa wa zambarau walisubiri. Itifaki ilikuwa imebadilika, na ujumbe wa asiyekuwepo haukupita kwenye mlango wa mazungumzo ya kawaida. Uliwekwa na kuchukuliwa kupitia huduma nyingine ya wavuti yenye taratibu zake. Ilibidi watu wachunguze mlango huo mpya wakiwa nje, bila ramani ya kampuni. Wanafunzi waliolipwa na mpango wa Google Summer of Code walichangia sehemu ya kazi hiyo, na itifaki mpya ya MSN ilifika kwa watumiaji wa kawaida katika toleo 2.5.0 la Pidgin, Agosti 2008. Miaka miwili kupata kile ambacho jirani hukifanya akiwa amekaa barazani.

Na kazi yote hiyo ilijengwa kwenye kiwanja cha mtu. Microsoft iliifunga Messenger katika nchi nyingi mwaka 2013. AIM ilizimwa tarehe 15 Desemba 2017. Yahoo Messenger ikafuata tarehe 17 Julai 2018. ICQ, iliyozitangulia zote, ilizimwa tarehe 26 Juni 2024. Masanduku yakaondoka na wenyewe.

Iliyobaki ni Jabber. Jeremie Miller, Mmarekani, aliitangaza tarehe 4 Januari 1999 kama mfumo ulio wazi, na Oktoba 2004 shirika la IETF linalosimamia viwango vya intaneti liliichapisha rasmi kwa jina la XMPP. Anwani yake inafanana na ya barua pepe: jina la mtu, kisha jina la seva. Yeyote anaweza kuendesha seva: chuo, hospitali, kampuni, hata familia moja. Na seva ya mpokeaji ndiyo inayotegemewa kumhifadhia ujumbe asipokuwepo.

Kwa Mtanzania au Mkenya utaratibu huu ni wa kuzoeleka mno. Katika nchi hizi barua kwa kawaida haziletwi mlangoni. Zinakaa posta, ndani ya S.L.P., mpaka mwenye ufunguo aende kuzichukua. Sanduku moja linaweza kuhudumia shule nzima au ukoo mzima. Na sanduku lina ukubwa wake. Katika mfano wa mipangilio unaokuja na ejabberd, mojawapo ya seva maarufu za XMPP, mtumiaji wa kawaida anawekewa ujumbe 100 tu akiwa hayupo. Ikishindikana kuhifadhi, seva inapaswa kumrudishia mtumaji taarifa ya kosa. Programu nzuri huonyesha kosa hilo pembeni ya ujumbe wenyewe; programu mbaya hulimeza, na mtumaji analala akiamini neno limefika.

Mwandishi wa programu akifika hapa anaweza kudhani amemaliza. Seva inahifadhi, programu inapokea. Kumbe sasa ndipo kazi ya kweli inapoanza.

Kuna suala la saa. Jumatano, saa tatu usiku, mtu anamwandikia ndugu yake: "Njoo hospitali sasa hivi." Simu ya ndugu imezimika chaji. Anaiwasha Alhamisi saa moja asubuhi, ujumbe unaingia. Programu ikiuandikia saa ya kupokelewa, ndugu atasoma "sasa hivi" ya jana kama ya leo. Atakurupuka, atakodi bodaboda, atafika na kuukuta mlango wa wodi umefungwa na mgonjwa amesharuhusiwa usiku ule ule.

Kwa ajili hiyo seva ya XMPP hubandika muhuri juu ya ujumbe uliochelewa, kama posta inavyogonga tarehe kwenye bahasha. Muhuri huo una mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, na mwishoni herufi Z, maana yake ni saa za kimataifa za UTC. Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu. Ujumbe wa saa tatu usiku umegongwa 18:00. Programu inayosahau kuongeza saa tatu itaonyesha kwamba ndugu aliitwa saa kumi na mbili jioni, na watu watalaumiana bure kwamba mmoja alichelewa. Kosa la mstari mmoja wa msimbo linaweza kuzua ugomvi wa ukoo.

Kuna suala la simu inayopotea bila kuaga. Mtu anapobonyeza kitufe cha kutoka, programu huiarifu seva, na seva inaanza kuhifadhi. Lakini abiria aliye kwenye basi la Dar kwenda Iringa hatoki kwa kitufe. Mtandao unakatika njiani na simu haijasema kwaheri. Kwa dakika kadhaa seva inaamini bado yupo, inaendelea kumtumia ujumbe kwenye waya uliokufa. Ujumbe huo haukuhifadhiwa, kwa sababu mwenyewe anahesabiwa kuwa yupo; wala haukufika, kwa sababu hayupo. Kwa miaka mingi huu ndio ulikuwa upotevu mkubwa wa XMPP kwenye simu, na ni upotevu mbaya kuliko wote kwa sababu hauna kelele.

Dawa yake inapatikana katika kila ofisi yenye tarishi. Tarishi hapeleki barua mikono mitupu. Ana daftari, na anayepokea anatia saini. Barua isiyo na saini inahesabiwa kuwa bado iko ofisini. Nyongeza ya XMPP yenye nambari 0198 inafanya hivyo hivyo. Seva inahesabu kila inachotoa, simu inahesabu kila inachopokea, na kila baada ya muda seva inauliza: umefika wapi? Simu inajibu kwa tarakimu: saba. Kama seva imetoa kumi, inajua tatu hazina saini. Simu ikirudi hewani Iringa inasema, "Mimi ni yule yule, niliishia saba," na seva inaendelea na ya nane. Isiporudi, zile tatu zinapelekwa kwenye sanduku la asiyekuwepo. Hakuna kinachoanguka katikati.

Conversations, programu huria ya Android ambayo Mjerumani Daniel Gultsch aliitoa mwaka 2014, ilijengwa kwa daftari hilo tangu mapema, na ndiyo maana iliweza kuishi kwenye mitandao ya simu pale ambapo programu zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta za mezani zilihangaika.

Halafu kuna suala la mtu mwenye vifaa viwili. Zamani seva ilimwaga ujumbe wote uliosubiri kwenye kifaa cha kwanza kilichoingia, kisha ikafuta. Mwalimu akifungua kompyuta ya ofisini asubuhi, ujumbe wa usiku wote unashukia humo. Simu yake iliyoko mkobani haitaona hata mmoja. Suluhisho lililokuja ni kuacha kulichukulia sanduku kama kapu la kumwaga na kulifanya kuwa kumbukumbu. Kila ujumbe unapewa alama yake na kubaki kwenye seva. Kila kifaa kikiingia kinasema: cha mwisho nilichoona ni hiki, nipe kilichofuata. Kompyuta inapata, simu inapata, na simu mpya iliyonunuliwa jana nayo inapata. Hiyo ni nyongeza nambari 0313, na ndiyo imebadilisha maana ya "kutokuwepo" kwenye XMPP. Mtu hahesabiwi tena yupo au hayupo. Kila kifaa kina alama ya mahali kilipoishia.

Hapo msikilizaji makini atauliza jambo la haki: je, huyo anayetunza kumbukumbu hasomi? Jirani wa barazani anasikia kila unachomwambia.

Jibu la zamani la programu huria lilikuwa OTR, mbinu ya usimbaji fiche iliyotangazwa mwaka 2004 na Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer. Watu wengi waliitumia ndani ya Pidgin. Lakini OTR ilihitaji pande zote mbili ziwe hewani zikubaliane ufunguo wa mazungumzo. Mmoja akikatika ghafla, mwenzake aliendelea kufunga ujumbe kwa ufunguo wa zamani. Seva iliuhifadhi kwa uaminifu. Na mwenyewe aliporudi alikutana na onyo kwamba ujumbe umepokelewa lakini hausomeki. Siri ilitunzwa, hata dhidi ya mwenye barua. Waliotaka usiri walilazimika kuacha ujumbe wa asiyekuwepo, na waliotaka ujumbe wa asiyekuwepo waliacha usiri.

Fundo hilo lilifunguliwa na makufuli. Mfano ni huu: kabla hujasafiri, unaacha posta makufuli mia moja yaliyo wazi, na funguo zake zote unaondoka nazo. Anayetaka kukuandikia anachukua kufuli moja, anafunga kisanduku chake, anakiacha. Kufuli halitumiki mara mbili. Karani anaona kisanduku, hawezi kukifungua. Wewe ukirudi unafungua kwa ufunguo wako. Mbinu hii, iliyotokana na kazi ya Trevor Perrin na Moxie Marlinspike ya programu ya Signal, iliingizwa kwenye XMPP mwaka 2015 kwa jina OMEMO. Iliandikwa kwanza ndani ya Conversations na mwanafunzi mmoja, tena kupitia mpango ule ule wa Google Summer of Code. Hata pendekezo la makufuli kama mia moja kwa kila kifaa limeandikwa ndani ya kiwango chake. Tangu hapo ujumbe wa asiyekuwepo na usiri vinakaa nyumba moja.

Ipo pia njia ya tatu, kwa wasiotaka seva ya mtu yeyote. Briar, programu huria iliyoundwa kwa ajili ya wanaharakati na waandishi wa habari, hupeleka ujumbe kwa Bluetooth, kwa Wi-Fi au kupitia mtandao wa Tor, bila seva ya katikati. Nayo ilisumbuliwa na kupishana. Mwaka 2023 waandishi wake walitoa programu mwenza iitwayo Briar Mailbox. Unachukua simu ya Android uliyoiweka kabatini, unaichomeka kwenye chaji nyumbani, unaiunganisha na intaneti. Simu hiyo inakuwa sanduku lako la posta. Rafiki anaacha ujumbe uliofungwa ndani yake wewe ukiwa safarini, na simu yako ya mkononi inauchukua ikirudi hewani. Jirani ni wako mwenyewe, yumo ndani ya nyumba yako, na hajui kusoma kilichomo.

Kwa nini jambo hili liwashughulishe wanaozungumza Kiswahili? Jibu liko katika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Hata watu wawili waliokaa mtaa mmoja wa Dar es Salaam wangeweza kushindwa kutumiana neno, kama seva inayowaunganisha iko ng'ambo ya bahari. Ilhali Nairobi kuna KIXP na Dar es Salaam kuna TIX, vituo vinavyowezesha kampuni za intaneti kubadilishana data ndani ya nchi bila kugusa mkongo wa baharini. Seva ya ujumbe iliyowekwa hapa nchini ingeweza kuwahudumia watu hao, na neno la ndugu aliyeko Muscat au Toronto lingesubiri kwenye seva ya huko mpaka njia ifunguke.

Na hata mkongo ukiwa mzima, kukatika ni sehemu ya maisha ya kila siku. Bando linaisha. Umeme unakatika. Simu inazimwa mchana ili chaji ifike usiku. Mvuvi wa Pemba anatoka eneo la mnara kila siku ya kazi na kurudi na maji. Kwa mtu wa namna hiyo "kutopatikana" ni hali ya kawaida, na programu iliyoandikwa na mtu ambaye mtandao wake haujawahi kukatika itamwangusha mahali ambapo mwandishi wake hakuwahi kupatazama. Ndiyo sababu kazi hii inahitaji mikono ya hapa. Msimbo wa Conversations uko wazi, wa ejabberd uko wazi, wa Pidgin uko wazi. Kijana wa Kampala, Mombasa au Dodoma aliyesoma uandishi wa programu anaweza kuufungua leo na kuandika kiraka kitakachokubaliwa na kutumika duniani kote.

Asiyeandika msimbo naye ana kazi, na inahitaji simu mbili tu. Kwenye simu moja zima data usiku. Kwa simu nyingine itumie jumbe tano, kila moja na nambari yake, ukipisha dakika kumi kati ya moja na nyingine. Katikati ya zoezi washa data ya simu ya kwanza kwa sekunde chache kisha uizime ghafla. Asubuhi iwashe, na uangalie mambo manne: je, zote tano zimefika, je, zimekuja kwa mpangilio wake, je, saa zilizoandikwa ni za usiku ulipotuma au za asubuhi ulipopokea, na je, yule mtumaji aliwahi kuonyeshwa tiki ya kufika kabla ujumbe haujafika kweli? Kama lipo lililokosewa, waandikie waandishi wa programu hiyo, kwa kutaja toleo, aina ya simu na dakika ilipotokea. Taarifa kama hiyo, ikitoka kwa mtu ambaye mtandao wake hukatika kila siku, ndiyo wasiyoweza kuipata ofisini kwao.